Kuuza Kompyuta Huria Kiganjo: Mnunuzi wa Kwanza ni Fundi

Ukitaja Kiganjo nchini Kenya, watu wengi hufikiria chuo cha polisi, kiwanda cha maziwa cha New KCC na stesheni ya reli iendayo Nanyuki. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu, karibu na mji wa Nyeri, na ni nadra kuusikia katika mazungumzo ya teknolojia. Hata hivyo, swali ambalo wauzaji wa maunzi huria wamejiuliza kwa miaka mingi linaweza kupimwa hapa vizuri kuliko Nairobi: kompyuta ambayo michoro yake iko wazi kwa kila mtu huuzwaje, na huuzwa kwa nani?

Nairobi ina wafadhili, vituo vya ubunifu na makongamano. Bodi ya kompyuta inaweza kununuliwa huko na mradi uliolipiwa na mtu mwingine, nasi tukadhani soko limepatikana. Kiganjo mtu hununua kwa pesa zake, na kila shilingi ina kazi nyingine inayoisubiri: karo, chakula cha ng'ombe, kodi ya kibanda. Akinunua bodi, ana sababu.

Tuelewane kwanza kuhusu bidhaa yenyewe. Maunzi huria ni vifaa ambavyo aliyevibuni ametoa mchoro wa saketi, orodha ya vipuri na faili za kutengenezea bodi, pamoja na leseni inayomruhusu yeyote kuvitengeneza, kuvibadilisha na kuviuza. Arduino, iliyoanzia Ivrea nchini Italia mwaka 2005, ndiyo iliyolifanya jambo hili lijulikane. BeagleBone Black ya mwaka 2013 ilifanya vivyo hivyo kwa kompyuta kamili inayoendesha Linux. Raspberry Pi, ambayo wengi huiweka kundi moja na hizo, haimo kikamilifu. Programu zake nyingi ni huria, lakini chipu yake kuu inatoka Broadcom na hati zake hazikutolewa zote, wala faili kamili za kutengenezea kompyuta yenyewe hazitolewi kwa umma. Sisemi hivyo kuidharau. Ni mashine nzuri, na sehemu kubwa ya kazi nitakazozitaja zimeitegemea. Nasema hivyo kwa sababu muuzaji anayeiita huria mbele ya mtu anayejua tofauti huipoteza imani ya mtu huyo kabla hata bei haijatajwa. Mpenda ufundi husoma hati za kiufundi kwanza, tangazo baadaye, na akigundua kwamba tangazo limezidisha chumvi huwaambia wenzake siku hiyohiyo.

Biashara hii ina umri mkubwa kuliko jina lake. Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani lilitoa jalada lenye picha ya Altair 8800, kompyuta iliyouzwa ikiwa vipande vya kuunganisha mwenyewe. Haikuwa na skrini wala kibodi, na maagizo yalimiminika hadi kampuni ikashindwa kuyatimiza kwa wakati. Mwaka uliofuata Steve Wozniak aligawa michoro ya Apple I kwa wanachama wa klabu ya Homebrew huko California. Wanunuzi wale hawakuwa na kazi ya ofisi iliyohitaji mashine. Walitaka kitu ambacho kampuni kubwa za wakati ule hazikuwapa, yaani ruhusa ya kufungua kifuniko na kuelewa kilichomo. Mchoro ndio uliouza mashine.

Raspberry Pi ilirudia jambo hilo kwa namna nyingine. Ilipozinduliwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35, lengo lilikuwa watoto wa shule za Uingereza wajifunze kuandika programu. Waliojitokeza asubuhi ile na kulemea tovuti za wasambazaji walikuwa hasa watu wazima wenye vyuma vya kuchomea risasi mezani. Hao ndio walioandika miongozo, wakagundua kasoro, wakajibu maswali ya wageni, na kazi yao ndiyo iliyowavuta walimu na baadaye viwanda. Vipuri vilipoadimika duniani miaka ya 2021 na 2022, kampuni iliamua kuwahudumia kwanza wateja wa viwandani, na wapenda ufundi wakabaki wakitafuta bodi kwa bei za walanguzi. Uamuzi ule ulikuwa na hoja ya kibiashara: wafanyakazi wa viwanda vidogo wangekosa ajira. Bado nadhani uliacha donda, kwa kuwa waliosubiri ndio waliolijenga jina la bidhaa bila malipo.

Afrika Mashariki ina mifano yake. Wa kwanza ni BRCK, iliyotoka kwa watu wa Ushahidi, shirika la teknolojia la jijini Nairobi. Mwezi wa Mei 2013 waliomba dola 125,000 kwenye Kickstarter ili kutengeneza kisambaza intaneti chenye betri, kilichoweza kuhimili umeme wa kukatikakatika, wakapata zaidi ya dola 170,000. BRCK haikuwa maunzi huria, lakini ilitangazwa kwa wapenda teknolojia kwa lugha ileile: kimebuniwa Nairobi kwa matatizo ya Nairobi. Tangazo lilifanya kazi. Swali ni lilifanya kazi kwa nani. Kickstarter haikulipiwa kwa M-Pesa wakati ule, na ahadi za fedha zilitoka hasa kwa watu wenye kadi za benki. Miaka miwili baadaye kampuni ilileta Kio Kit, sanduku la vishikwambi 40 kwa ajili ya madarasa, kisha ikaelekea Moja, huduma ya Wi-Fi ya bure ndani ya matatu. Nyumbani, kifaa kiligeuka kuwa huduma ambayo mtumiaji hakuhitaji kukifungua wala kujua kilichomo.

Mfano wa pili ni vifaa vya kidijitali vilivyotolewa na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Juja kwa ushirikiano na Positivo BGH, wakati serikali ikitimiza ahadi yake kwa shule za msingi kuanzia mwaka 2016. Mpango ule ulikuwa wa serikali kununua na shule kupokea. Mpenda ufundi hakuwa na mlango wa kuingilia, na fundi wa Karatina aliyeletewa kifaa kilichoharibika alikuwa mgeni kwake. Nautaja kwa sababu ni kinyume cha ninachokitetea hapa.

Wa tatu uko Dar es Salaam, na ndio unaonivutia zaidi. Hadubini ya OpenFlexure ilianza kubuniwa katika vyuo vya Uingereza, ikatolewa ikiwa huria: mwili wake huchapishwa kwa printa ya 3D, ndani yake kuna kamera na Raspberry Pi. Kampuni ya Bongo Tech and Research Labs ikaanza kuitengeneza Tanzania, na Taasisi ya Afya ya Ifakara ikashiriki kuijaribu katika uchunguzi wa malaria. Gia ikivunjika, huchapishwa nyingine mjini humohumo. Hakuna haja ya kusubiri mwakilishi wa kampuni kutoka ng'ambo. Hapo thamani ya uhuria inaonekana kwa macho, wala muuzaji halazimiki kuihubiri. Kilichobaki kuwa kigumu ni vibali vya vifaa vya tiba, ambavyo haviangalii kama mchoro uko wazi au umefungwa.

Sasa turudi Nyeri, maana Kiganjo haiko peke yake. Upande wa pili wa mji, kwenye barabara ya kwenda Mweiga, kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Kilianza mwaka 1972 kikiwa Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi na kupata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2012. Juni 2015 chuo hicho kilikuwa mwenyeji wa mafunzo ya kwanza ya Data Science Africa, ambayo baadaye yalizunguka nchi nyingi za bara hili. Kituo chake cha sayansi ya data na akili bandia, DSAIL, kinachohusishwa sana na Ciira Maina, kimetumia bodi za bei nafuu kurekodi sauti za ndege, kupiga picha za wanyama katika hifadhi ya chuo na kupima kina cha maji ya mito.

Kazi ya mito inastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayetaka kuuza maunzi huria huku mlimani. Kifaa hufungwa juu ya mto, darajani kwa mfano, kikatuma mawimbi ya sauti kuelekea majini na kupima muda wa mwangwi kurudi. Kutokana na muda huo hujua maji yamepanda au yameshuka. Taarifa hurushwa kwa redio ya LoRa, ambayo hutumia nguvu kidogo na kufika kilomita kadhaa, kwa hiyo hakuna laini ya simu ya kulipiwa kila mwezi katika kila kifaa. Kilijaribiwa katika bonde la Muringato, na mwaka 2023 maelezo yake yalichapishwa katika HardwareX, jarida linalowataka waandishi watoe faili za kutengenezea, orodha ya vipuri na gharama, na hatua za kuunganisha. Hivyo fundi yeyote wa Kiganjo mwenye subira anaweza kukiunda upya. Kwa eneo ambalo mito ya Mlima Kenya na Aberdare hugombaniwa na wakulima wa juu na wa chini kila kiangazi, hicho ni kifaa chenye kazi.

Na bado sijasikia mtu akikitangaza hapa kama bidhaa. Mchoro upo, hitaji lipo, na kati yao hakuna muuzaji. Hapo ndipo ulipo mzizi wa swali zima.

Tumtazame mnunuzi anayewezekana. Si mtu mmoja. Kuna mwanafunzi wa diploma ya umeme anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho. Kuna fundi wa simu mwenye chuma cha kuchomea risasi na hadubini ya meza, anayejua kusoma saketi kuliko wahitimu wengi. Kuna anayefunga kamera za usalama na nyaya za umeme za kuzuia ndovu upande wa Kabaru na Naro Moru. Kuna mwalimu wa fizikia, na kuna kijana aliyerudi nyumbani kutoka Nairobi akafungua kivungulio cha nyanya. Hawa wanafanana kwa jambo moja: kila mmoja ana watu wanaomtegemea kwa ushauri wa vifaa. Akinunua bodi moja, ataijaribu usiku, ataiharibu, ataitengeneza, na ikimridhisha atawaunganishia wengine kumi na kuwatoza ufundi. Kwa hiyo mpenda ufundi wa hapa si mteja wa mwisho. Ni mzalishaji mdogo anayejaribu malighafi. Hoja yangu yote imejengwa juu ya jambo hilo. Anayemtangazia kama mtumiaji wa burudani humkosa, na anayemtangazia kama mnufaika wa msaada humdhalilisha.

Makosa ya mauzo yanaanzia bei. Wauzaji wengi hupenda kusema bodi hizi ni kompyuta za bei rahisi. Kwa Mlima Kenya kauli hiyo haisimami. Raspberry Pi 5 ilipotoka mwaka 2023, ile yenye gigabaiti 8 ilitangazwa kwa dola 80, ambazo hupita shilingi 10,000 kabla ya usafirishaji, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha. Ongeza chaja yake maalumu, kadi ya kumbukumbu, kasha, kibodi na skrini. Ukimaliza hesabu, uko karibu na bei ya laptopu ya mtumba, ile wanayoiita ex-UK, ambayo ina skrini, kibodi na betri ya kuvumilia umeme ukipotea. Mzazi anayemtafutia mtoto kompyuta atachukua laptopu, na atakuwa sahihi.

Bodi ndogo zina hadithi nyingine. ESP32 hupatikana Nairobi kwa bei isiyofika shilingi 2,000. Raspberry Pi Pico ilianza kuuzwa mwaka 2021 kwa dola 4, na imewahi kutengenezwa Nairobi katika kiwanda cha Gearbox Europlacer. Laptopu haiwezi kufungwa kwenye tangi la maziwa. Haiwezi kukaa shambani miezi kadhaa kwa betri, ikiamka kila nusu saa kupima unyevu wa udongo na kulala tena. Hapo bodi haina mshindani, na hapo ndipo tangazo linapaswa kuanzia. Maziwa yanatakiwa yapoozwe hadi nyuzi 4 haraka baada ya kukamuliwa. Ushirika ukikosa umeme usiku na mlinzi asijue, asubuhi hasara imeshaingia kwa wanachama wote. Kifaa cha kupima joto na kutuma ujumbe kwa simu kinahitaji bodi moja, kihisi kimoja na moduli ya simu. Kituo cha kutotolesha samaki wa trauti kilichoko Kiganjo kinahitaji uangalizi wa aina hiyohiyo, kwa kuwa trauti hawavumilii maji yenye joto wala yenye upungufu wa oksijeni. Mwonyeshe fundi kazi hizo mbili, mpe mchoro, umwachie bei ya vipuri. Hatahitaji kuelezwa falsafa ya uhuria.

Kosa la pili ni kuficha udhaifu. Kompyuta inayoendesha Linux kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibikiwa na data umeme ukikatika ghafla wakati wa kuandika. Mlimani, hasa msimu wa mvua, umeme hukatika. Mtu asiyeonywa atanunua, ataona kifaa kimekufa baada ya wiki kadhaa, na atasema bodi hizi ni za mchezo. Kulikuwa na njia za kumsaidia: betri ndogo ya akiba, kadi bora, mfumo uliowekwa usiandike kila wakati. Muuzaji anayeyaeleza haya mapema anauza vitu vitatu badala ya kimoja, na mteja anarudi.

Kosa la tatu linaniuma zaidi, na halifanywi na wafanyabiashara. Ni mafunzo ya siku mbili yanayogawa bodi za bure, yakapiga picha na kuondoka. Wiki inayofuata duka la mjini haliwezi kuuza bodi ileile kwa sababu vijana wanasubiri ugawaji mwingine, na waliopewa hawana pa kununua kihisi kilichoungua. Fedha hizohizo zingelipia nusu ya bei kwa anayelipa nusu iliyobaki, au zingewekwa katika akiba ya vipuri kwenye duka moja la Nyeri, soko lingekua.

Kuhusu vipuri, barabara imekuwa msaada. Bodi iliyoagizwa asubuhi katika maduka ya Luthuli jijini Nairobi inaweza kupelekwa kwenye ofisi ya vifurushi ya matatu za 2NK na kuchukuliwa Nyeri alasiri, na malipo kufanyika kwa M-Pesa. Wengi hununua hivyo tayari. Shida huja kifaa kikiwa kibovu: nauli ya kurudisha, kisha mabishano kama kilikuwa kibovu au kimeunguzwa na mnunuzi. Mtu aliye mbali na duka hulipia hatari hiyo kila anaponunua. Duka litakalokubali kubadilisha bodi ndani ya siku saba bila maswali litachukua wateja wa mlima mzima, kuanzia Karatina hadi Meru, hata likiuza ghali kidogo.

Kuna hofu inayosikika mara nyingi: nikiweka mchoro wazi, si watu wataninakili? Watakunakili. Leseni ya maunzi huria inaruhusu, mradi wasitumie jina lako. Arduino imenakiliwa kwa miaka mingi, nakala halali zisizobeba jina lake na za bandia zinazolibeba, na mafundi wengi wa Kenya wamejifunzia kwenye nakala. Jua kali yetu imekua kwa kunakili: jiko likitoka vizuri Kamukunji, muda mfupi baadaye linatengenezwa Karatina. Aliyebuni hubaki na faida akiendelea kuwa wa kwanza kurekebisha kasoro na kujibu simu. Asiyejibu simu, hata akifunga mchoro kwa makufuli saba, bidhaa yake haitavuka Sagana.

Sheria ina neno lake pia. Vifaa vya mawasiliano ya redio nchini Kenya vinahitaji idhini ya aina kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni kubwa huiombea modeli moja inayotengenezwa kwa maelfu. Fundi anayeunda vifaa ishirini vya LoRa kutokana na mchoro huria, kila toleo likiboreshwa kidogo, hana idara ya sheria. Moduli zilizoidhinishwa tayari humpunguzia mzigo, na wauzaji wanapaswa kuzitenga na kuzitaja wazi. Mamlaka nayo ingefanya vyema kuweka njia nyepesi kwa idadi ndogo, kwa sababu bila hiyo kazi itaendelea gizani.

Pale Dedan Kimathi kuna pia Semiconductor Technologies Limited, inayotengeneza saketi jumuishi. Ni fahari ya kweli kwa Nyeri, lakini si jibu la swali letu. Kiwanda cha chipu huuzia viwanda vingine. Faida yake kwa fundi wa Kiganjo itakuja polepole, kupitia mafundi sanifu watakaofunzwa humo.

Kwa hukumu yangu, soko la kompyuta huria Mlima Kenya lipo, ni dogo, na litafunguliwa na mafundi wachache wanaoaminiwa katika miji yao. Kwa hiyo nawaomba wauzaji wa Nairobi waanze na jambo linalowezekana mwaka huu: wachukue kifaa kimoja ambacho mchoro wake tayari uko wazi, kama kile cha kupima mto, wakusanye vipuri vyake vyote katika pakiti moja yenye bei moja, waandike mwongozo wa Kiswahili wenye picha, waweke namba ya simu ya mtu anayejibu, na waipeleke Kiganjo, Karatina na Nanyuki kwa mafundi wa simu na wa umeme. Nacho chuo cha Dedan Kimathi kiwafungulie mafundi hao maabara yake Jumamosi, wakiwa na vyeti au bila vyeti.